Mkunga wa Sabaki: kuvua usiku, na yule wa kumwacha aende zake

Mtu wa pwani akitajiwa mkunga, akili yake huenda baharini moja kwa moja, kwa yule wa kwenye mapango ya miamba anayewang'ata wanaochokoa pweza. Mimi nataka kuzungumza juu ya mwingine, mkunga wa maji baridi, yule anayekaa mtoni, ziwani na hata kwenye mitaro ya mashamba, anayevuliwa usiku na watu wachache wenye subira. Nimemvua mto Sabaki kwa zaidi ya miaka 20, upande wa Malindi na upande wa Magarini, na mengi niliyoyajua niliyajua baada ya kukosea.

Nianze na mamba, kwa sababu ushauri mwingine wote hauna maana kama hukurudi nyumbani. Sabaki una mamba na una viboko, na mkunga ni samaki wa usiku. Kaa juu ya ukingo, mahali ambapo maji yako chini yako kwa kimo cha mtu au zaidi. Usivue pale pale kila siku, maana mamba hujifunza desturi za watu. Usitumbue samaki kwenye maji. Ndoana ikinasa kwenye kisiki, kata mshipi. Ndoana ni shilingi chache, usiingie mtoni kuifuata. Viboko nao hupanda kula majani usiku na hurudi kwa njia zao zile zile. Ukiona nyasi zimelala na udongo umekanyagwa kama barabara kuteremka majini, hapo si pa kukaa. Na usiende peke yako. Mimi niliwahi kwenda peke yangu mara nyingi nikiwa kijana, na leo nikikumbuka nasikia baridi.

Watu wengi humchanganya na kambale. Kambale ana sharubu na kichwa kipana kilichobapa. Mkunga hana sharubu, mwili ni mviringo kama mpini wa jembe, na pezi lake la mgongoni huunganika na la mkiani na la chini likawa pezi moja refu. Ukimshika utadhani hana magamba. Anayo, lakini ni madogo sana na yamezama ndani ya ngozi chini ya ule ute. Mito yetu inayomwaga Bahari ya Hindi ina aina nne za mikunga hawa. Wawili wana madoadoa kama ngozi ya chatu na wawili ni wa rangi moja, kahawia au kijivu. Mkubwa kuliko wote ni mmoja wa wale wa madoa, ambaye anaweza kufika mita 2.

Sasa uvuvi wenyewe. Usihangaike na fito za bei kali. Mshipi mnene wa mkono unatosha, lakini pale mwisho, kabla ya ndoana, funga kipande cha waya mwembamba cha sentimita 20 hivi. Meno ya mkunga ni madogo na yamejaa kama msasa. Hakati mshipi kwa kuuma mara moja, anausaga. Nilipoteza mikunga mizuri msimu mzima kabla sijaona kwamba ncha za mishipi yangu zilikuwa zimechakaa, hazikukatika kwa kuvutwa. Chubwi nayo usiifunge. Itoboe katikati mshipi upite ndani yake, ili mkunga akibeba chambo asisikie uzito. Akisikia uzito huachia.

Chambo kiwe kibichi. Kuna fikra kwamba kwa kuwa anakaa kwenye tope basi anapenda vilivyooza. Si kweli hata kidogo. Mkunga anaishi kwa pua, na pua yake inamtafutia damu mpya. Nyungunyungu wakubwa wanne watano walioshonwa pamoja kwenye ndoana moja, kipande cha samaki mdogo aliyekufa jioni ile ile, au kamba wa mtoni aliyevunjwa kichwa ili maji yake yatoke. Matumbo ya kuku hufanya kazi pia, ila huvutia kambale na kasa wa mtoni wakakumalizia chambo chote.

Kuhusu mahali, tafuta pale ambapo mto umekula ukingo na mizizi ya mkuyu inaning'inia majini. Mchana mkunga analala humo ndani. Mawe yaliyomwagwa kulinda nguzo za daraja, magogo yaliyozama, mdomo wa mtaro wa shamba unaorudisha maji mtoni, kote huko anakaa. Tupa chambo karibu na ukingo. Wageni hujitahidi kutupa katikati ya mto, na mkunga mwenyewe yuko hatua tatu chini ya miguu yao.

Ziwa Jilore ni habari nyingine. Ziwa lile hupata maji Sabaki unapofurika, na mikunga huingia na mafuriko. Maji hayana mkondo, na chini ni tope laini linalomeza chambo, kwa hiyo huko natumia chubwi ndogo sana, au naiacha kabisa nikategemea uzito wa chambo. Uzuri wa ziwani ni kwamba unasikia kila kitu. Maji yakipungua sana, mkunga anaweza kutoka usiku wa mvua akapita kwenye majani yaliyolowa kurudi mtoni, kwa sababu ngozi yake inamsaidia kupumua maadamu ni mbichi. Mara moja nimemkuta mmoja kwenye majani asubuhi, mbali kidogo na maji, bado mzima, majani yamemshika mwili mzima. Nilimbeba kwa shati.

Lakini kikubwa kuliko chambo na mahali ni wakati. Kama una usiku mmoja tu kwa mwezi wa kwenda kuvua, nenda usiku wa giza, mvua ikiwa imenyesha huko juu na maji ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Sabaki wakati huo unabadilika rangi, kutoka kijani hafifu ya kiangazi kuwa kama chai ya maziwa. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo zenyewe. Baadaye mto unakuja mwekundu na magogo na hapo huvui kitu. Anza magharibi, kaa mpaka saa nne au saa tano usiku. Mwezi ukiwa mpevu na maji maangavu, lala nyumbani na watoto wako.

Namna anavyokula inabidi uisikie kwa kidole. Mshipi naupitisha juu ya kidole cha shahada, bila kuufunga popote. Kwanza inakuja ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Hapo usifanye lolote. Kisha kimya. Kisha mshipi unaanza kuondoka polepole, bila haraka, kama unavutwa na mtoto. Hapo hapo vuta. Usingoje. Zamani nilikuwa nangoja "ashibe", kama nilivyofundishwa, na kila nikimtoa nakuta ndoana iko tumboni. Mkunga humeza haraka sana. Ukivuta mapema utamkosa mmoja katika watatu, lakini wale wawili watakuwa wameshikwa mdomoni, na ukitaka kumrudisha mmoja atarudi akiwa mzima. Ikitokea amemeza, usichokonoe. Kata waya karibu na mdomo, basi.

Akishashikika usimlegezee hata sekunde. Samaki wengine wanakimbia mbele. Mkunga anaogelea kinyumenyume, mkia unatafuta mzizi wa kujizongea, na akiupata umekwisha. Mtoe moja kwa moja, kwa nguvu iliyo sawa. Nchi kavu atajisokota kwenye mshipi mpaka vyote viwe fundo moja la ute. Ute huo haushikiki kwa mkono mtupu, kwa hiyo kuwa na gunia lililoloweshwa. Mweke juu yake, mgeuze chali, umshike taratibu kupitia lile gunia. Akiwa chali hutulia kwa muda, na huo muda unatosha kutoa ndoana.

Wa kula muue kwanza, kwa pigo moja kichwani na kisu nyuma ya kichwa. Nimeona watu wakimmwagia chumvi au majivu angali hai ili ute utoke. Ni mateso yasiyo na sababu. Majivu tumia baada ya kufa, sugua, osha, ute wote unaondoka. Damu yake mbichi ina sumu. Isiingie machoni wala kwenye kidonda, wala usionje nyama isiyoiva. Moto huiua sumu hiyo kabisa. Mimi humkata vipande, nikambanika kwa makaa machache mpaka mafuta yaanze kudondoka, kisha ndiyo anaingia kwenye tui na ndimu. Ukimtia kwenye tui moja kwa moja mafuta yanazidi, mchuzi unakinai.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka mmoja wa masika, mzee jirani aliyekuwa akitega migono, ile mitego ya samaki ya kusuka, kwenye mkondo aliniuzia mkunga mrefu kuliko mguu wangu. Hakuwa kama wale niliokuwa nawavua kwa ndoana. Mgongo ulikuwa mweusi, tumbo jeupe linalong'aa kama bati jipya, na macho makubwa, ya mviringo, makubwa mno kwa kichwa kile. Nilipompasua, tumbo lilikuwa tupu. Hakuna hata punje ya mchanga. Utumbo ulikuwa umesinyaa umekuwa kama uzi. Na pande zote mbili za uti wa mgongo kulikuwa na utepe mweupe uliokunjwakunjwa kama marinda ya gauni la mtoto. Nikasema, mafuta haya. Nikayatia kwenye kikaango.

Miaka ilipita mpaka kijana mmoja wa utafiti wa samaki alipokuja mtoni kupima urefu wa samaki wetu, nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia yale hayakuwa mafuta. Yalikuwa mayai, madogo kiasi kwamba jicho halioni hata moja.

Mkunga hazai mtoni, wala ziwani. Anazaa mara moja tu maishani, baharini, mbali, na watafiti wanaelekeza upande wa mashariki ya Madagaska. Watoto wake huanza wakiwa kama jani dogo linaloonyesha upande wa pili, wanachukuliwa na mikondo ya bahari mpaka pwani yetu. Wanapofika midomo ya mito wamekuwa kama vipande vya mshipi usio na rangi, unaona macho mawili meusi tu. Kutoka hapo wanapanda mto usiku, hata juu ya mwamba uliolowa wanatambaa. Wanakaa huku juu miaka 10, wengine 20, wanakula na kunenepa. Kisha siku moja mwili unabadilika. Macho yanakua ili yaone kwenye giza la bahari kuu, tumbo linakuwa la fedha, wanaacha kula moja kwa moja, na mafuriko yakija wanateremka nayo. Wanazaa, wanakufa. Babu yangu alikuwa akisema mkunga anazaliwa na tope, na simlaumu, maana hakuna aliyewahi kuona mkunga mtoni mwenye mimba.

Maana yake ni kwamba kila mkunga unayemtoa Sabaki hajazaa bado, hata yule mkubwa wa kilo 5. Na yule wa tumbo la fedha aliyemo kwenye mgono amebakiza safari moja tu baada ya miaka yote ile. Ndiyo sababu nasema: wa kahawia mwenye macho madogo, uliyemshika kwa ndoana, chukua mmoja wa kitoweo. Yule mweusi wa tumbo jeupe mwenye macho makubwa mwache aende. Kwa ndoana huwezi kumpata kwa urahisi kwa kuwa hali, kwa hiyo ushauri huu hasa ni kwa wenye migono na nyavu wakati wa mafuriko.

Tazama yaliyowapata wenzetu. Mkunga wa Ulaya alivuliwa toka utotoni mpaka uzeeni, mito ikafungwa kwa mabwawa, na leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 2009. Mto Tana wetu umejengwa mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na mkunga mtu mzima anayeteremka hukutana na mitambo ya umeme. Anayetaka vile vitoto visivyo na rangi akija na chandarua na fedha mkononi pale mdomoni mwa mto, msimwonyeshe njia. Na wakulima wenye pampu za kumwagilia nyanya na matikiti, fungeni wavu mwembamba kwenye mdomo wa bomba. Nimeona vitoto vya mkunga vimekauka kwenye mtaro wa shamba, vimejaa kiganja.

Masika yaliyopita mzee alinipigia simu alfajiri. "Mwanangu, amekuja yule wako wa macho." Nikaenda kwa pikipiki. Alikuwa ndani ya mgono, amejikunja, hahangaiki. Nilimlipa mzee bei ile ile ya kitoweo, nikamtia mkunga kwenye gunia lililolowa, tukashuka wawili mpaka mahali palipo wazi ambapo hakuna kichaka cha kujificha mamba. Nilifungua mdomo wa gunia juu ya maji. Hakutoka kwanza. Kisha alitoka kichwa, kisha mwili wote ukafuata bila kufanya hata wimbi, akaelekea kule maji yanakokwenda, baharini upande wa Mambrui.

Mzee alikunja gunia akanirudishia. Akasema wiki hiyo mto bado unapanda, na kama nitakuwa na fedha nyingine nisizime simu.