Shangazi, bwanangu anakatalia mtoto wetu mwerevu shule ya maana

"Shangazi, niko Kiamunyi hapa Nakuru. Kijana wangu ana miaka 8, yuko Gredi 3 na ni mkali ajabu, anasoma vitabu vya dadake wa Gredi 6. Nimepata shule ya bweni ya mfumo wa Uingereza upande wa Gilgil, walimfanyia intavyuu wakasema ana kipaji. Karo ni laki tatu na nusu kwa muhula. Bwanangu anauza spea za magari, anasema hio pesa hatuna na mtoto bado mdogo, mamake ndio anamjaza maneno. Nataka kuchukua mkopo wa sacco. Fomu nishalipia, yeye bado sijamwambia. Nifanyeje? Mama Kijana."

Mama Kijana, pole, kulea mtoto wa akili nyingi si mchezo, maswali hayaishi mpaka usiku. Pole imeisha hapo.

Nani alikwambia kijana ana kipaji? Shule yenyewe, ile inataka laki tatu na nusu. Umewahi skia dairekta akimwambia mzazi aliyekuja na pesa eti mtoto wako ni wa kawaida tu? Sisemi kijana si mwerevu, mtoto wa Gredi 3 akisoma vitabu vya Gredi 6 ako na kitu. Lakini ukitaka kujua kweli kuna ofisi za serikali zinaitwa EARC, hupima watoto wenye mahitaji maalum na wenye vipaji wamo, na wao hawana bweni la kukuuzia.

Halafu barua yote nimetafuta mahali kijana mwenyewe amesema anataka kwenda, sijaona. Nimeona wewe unavyotaka.

Bwanako unamwandika kama adui wa maendeleo, kumbe ndiye peke yake amepiga hesabu. Muhula tatu ni milioni moja na hamsini elfu kwa mwaka, hapo hujanunua yunifomu wala hujalipa safari za kumtembelea, na biashara ya spea ina mwezi mzuri na mwezi wa kukaa ukiangalia barabara. Na mamamkwe akisema mtoto wa miaka 8 alale kwao, amekosea wapi? Hata wizara mwisho wa 2022 ilisema haitaki bweni kwa watoto wa Gredi 1 mpaka 9.

Tena fikiria pesa ikikatika njiani, maana hapo ndipo wengi huumia. Mtoto akimaliza Gredi 9 alama zake za kuingia sekondari ya juu ni mtihani wa Gredi 9, KJSEA, asilimia 60, mtihani wa Gredi 6, KPSEA, asilimia 20, na tathmini za Gredi 7 na 8 asilimia 20. Sasa wewe mtoe leo umpeleke mfumo wa Uingereza, mkopo ukushinde akiwa ameshapita umri wa KPSEA na hakuifanya, urudi kubisha shule za huku, hizo asilimia 20 za KPSEA utazitoa wapi? Uliwauliza?

Lakini kilichonikera ni hilo neno "sijamwambia", umelificha mwisho mwisho kama si kitu. Ndoa za siku hizi aki! Mume ana loni kwa simu mke hajui, mke ana chama mume hajui, wanalala kitanda kimoja kila mtu na siri yake, halafu mnashangaa nyumba zinavunjika. Zamani mtu alikua hauzi hata mbuzi bila kuongea nyumbani, wewe unataka kutia sahihi deni la mamilioni. Ungekua umemwambia ukakataliwa ningekuonea huruma.

Na mtoto mwerevu halishwi na jina la shule, nyumba njema si mlango. Hapo mjini kuna laibrari ya umma, Hyrax Hill ni karibu, Menengai ni hapo juu mnaiona kila siku, baba amtembeze Jumapili ajibu maswali. Mwone mwalimu wa darasa umuulize kijana akimaliza kazi mapema anapewa nini, na akikwambia anapewa kunyamaza, tafuteni shule ya kutwa hapo Nakuru yenye watoto wachache darasani, na muende wote wawili. Wazazi waulizeni getini jioni, si kwa ofisi.

Sacco usiende kwanza. Leo bwanako akishakula mwambie ya fomu, yote, na akikununia siku mbili mwache anune, ana haki.