Jibu: Kegi ya lita 50 iwe sufuria ya kupikia bia

Mkuu, umeuliza kama fundi wa mageti anaweza kukukatia kegi, lile pipa la bia la stenlesi (chuma kisichoshika kutu), hapa Mwanza. Kukata anaweza, ila usimpelekee kabla hujatoa presha. Kegi inayoonekana tupu huwa bado ina gesi ndani. Funika valvu ya juu kwa kitambaa, weka uso pembeni, bonyeza kwa bisibisi mpaka mlio wa “ssss” uishe kabisa, ndipo ufungue ule mrija wa katikati. Ukiuchomoa gesi ikiwa bado imo, utaruka kama risasi.

Tundu la juu la sentimita 30 linatosha kupitisha mwiko na mkono wa kusuguria. Sasa sikiliza hapa: nunua jiwe jipya la kukatia stenlesi, lile jembamba la milimita 1. Mafundi wengi wa mtaa wa Nyakato kutwa wanakata nondo, na jiwe lililokata nondo linaacha chembe za chuma kwenye kegi. Baadaye unaona kutu ukadhani umeuziwa stenlesi feki. Kingo zipige tupa, kisha msasa, maana zinachana mkono vibaya.

Koki sishauri uchomelee. Toboa karibu na kitako, funga kwa nati na washa (pete za kuzuia kuvuja) za silikoni zinazohimili joto. Jaza maji uone kama inavuja.

Maji ya kimea usizidishe lita 40, yakichemka yanafura. Na kegi yenye jina la kiwanda ni mali yao, kwa hiyo tafuta iliyouzwa kihalali.