Mkasi Haumo Tena Mkononi Mwako

Siku yangu ya kwanza kwenye seti ya tamthilia nilitoa mzaha ambao kwenye video zangu haukuwahi kuniangusha. Nilipoumaliza pakawa kimya. Nilizungukwa na watu wasiopungua ishirini, wa kamera, wa taa, wa sauti, wa mavazi, na hakuna aliyecheka hata kwa puani. Nikajua nimekwisha. Tukarudia, nikaongeza sauti, nikaongeza macho, nikaongeza na mikono. Mwongozaji akasema "kata", akanisogelea taratibu, akaninong'oneza: "Hawacheki kwa sababu kicheko chao kitaingia kwenye maikrofoni. Rudi ulivyofanya mara ya kwanza."

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu wachekeshaji wengi wa mitandaoni wanaonijia huuliza jambo moja tu: nitaonwaje na watu wa televisheni? Mdogo wangu, kama video zako zinatazamwa, wameshakuona. Kinachowaangusha wenzetu huja baada ya kuitwa.

Unapotengeneza video kwa simu, wewe ndiye mwandishi, mwigizaji, mpiga picha na mhariri. Kati ya hao wanne, anayechekesha watu zaidi ni mhariri, ila sifa huchukua mwigizaji. Hukubali? Tafuta video yako iliyopendwa kuliko zote, kisha fungua ile picha ghafi uliyoipiga kabla hujaikata, uitazame yote. Mimi nilifanya hivyo nikatamani kuifuta. Baina ya sentensi na sentensi nilikuwa navuta pumzi, naangalia pembeni, nalamba midomo, nasahau. Ile kasi niliyokuwa nasifiwa ilikuwa kasi ya mkasi. Mdomo wangu wenyewe ulikuwa unatembea kwa magongo.

Televisheni ina mkasi pia, ila ameushika mtu mwingine, katika chumba ambacho huenda usikanyage kamwe. Halafu onyesho moja hupigwa mara nyingi: kwanza kwa mbali, wote mkionekana, kisha uso wako kwa karibu, kisha uso wa mwenzako wakati wewe umekaa ubavuni mwa kamera ukimsemea maneno yako. Ili vipande hivyo viungane, lazima ufanye mambo yaleyale kila mara. Kama uliinua kikombe ukisema "jana", kiinue kwenye "jana" mpaka mwisho wa siku. Yupo mtu kwenye seti ambaye kazi yake ni kuangalia mwendelezo huo tu, na kwa miezi yangu ya mwanzo nilimzeesha.

Kila tulivyorudia nilibuni kitu kipya. Nilidhani nawapa zawadi. Mhariri alinieleza baadaye kwamba kulikuwa na mara moja nilipovuka mpaka kwa uzuri, lakini hakupata kipande cha kukiunganisha nacho: mkono wangu ulikuwa juu, na kwenye picha nyingine zote ulikuwa mezani. Mzaha bora niliowahi kuutoa kwenye seti ile hakuna mtazamaji aliyeuona. Siku hizi vituko vyangu navimaliza kwenye mazoezi. Tukishapata anachokitaka mwongozaji, namwomba kwa adabu anipe mara moja ya kufanya ninavyotaka mimi. Muda ukiwepo, wengi hukubali.

Zoezi lililonisaidia kuliko mengine ni hili: kwa mwezi mzima tengeneza video zisizokatwa hata mara moja. Simama mbali na simu uonekane mpaka magotini, anza, maliza. Utagundua mikono yako haina pa kwenda, na kimya ulichokuwa unakikata sasa huna budi kukishika mwenyewe kifuani. Pia tafuta mtu wa kuigiza naye. Sisi tumezoea kuwa mama, mtoto na jirani kwa wakati mmoja, tukibadili kitambaa cha kichwani tu, na wote watatu hutusubiri kwa heshima. Mwigizaji wa kweli hatakusubiri. Anaweza kulisema neno kwa namna ambayo hukuitarajia, na kamera imekutazama wewe. Uso wa mtu anayengoja zamu yake huonekana, tena kwa karibu huonekana vibaya.

Jambo jingine ni mhusika. Kwenye klipu mhusika anaishi kwa tabia moja: ni bahili, au mwoga, au anajifanya anajua. Inatosha. Kipindi cha vichekesho cha nusu saa kwenye chaneli zenye matangazo hubaki na kama dakika 22 za hadithi, na bahili asiyetaka kitu kingine zaidi ya kutotoa hela anachosha kabla ya dakika ya tano. Lazima awe na jambo analolitafuta na jambo analolificha. Mmarekani Issa Rae alianza kurusha mfululizo wake wa The Mis-Adventures of Awkward Black Girl YouTube mwaka 2011, na tamthilia yake ya Insecure ikaanza kwenye kituo cha HBO mwaka 2016. Mwenzake Quinta Brunson alijulikana kwa video fupi za Instagram na za tovuti ya BuzzFeed kabla ya tamthilia yake ya Abbott Elementary kuanza kwenye kituo cha ABC mwaka 2021, na mwaka uliofuata akatwaa tuzo ya Emmy ya uandishi wa vichekesho. Wote wawili hawakuingia kama nyuso tu, waliingia na kalamu. Mkasi hukupewa, lakini kalamu ni kipande chake. Kama unaweza kuandika, usikubali kuuficha uwezo huo siku ya mazungumzo ya kwanza.

Kuongoza kipindi, yaani kuwa mtangazaji wake, ni kazi nyingine kabisa, na naomba usidanganywe na wanaosema "si ni kuongea tu". Katika tamthilia lenzi haipo, ukiitupia jicho umeharibu. Kwenye utangazaji lenzi ndiyo mtu unayezungumza naye. Utasema hilo umelizoea. Hujalizoea. Kwenye simu tumezoea kujitazama wenyewe kwenye kioo, na ndiyo maana video zetu nyingi zina macho yaliyoinama kidogo. Studioni kuna kamera kadhaa, na taa ndogo nyekundu ndiyo inayokuambia ipi iko hewani. Wakati huohuo sikioni mwako kuna sauti ya mtayarishaji: imebaki dakika moja, mgeni wa pili hajafika, mvute huyu, usimuulize lile swali la tatu. Unatakiwa uyasikie yote hayo na uso wako usionyeshe kwamba umesikia chochote. Wiki yangu ya pili, matangazo yakiwa mubashara, nilimjibu mtayarishaji kwa sauti: "Sawa, tumalize." Mgeni, aliyekuwa katikati ya kisa, akanyamaza, akanishukuru, akaanza kuvua maikrofoni.

Kwa hiyo jizoeze nyumbani: weka taarifa ya habari kwenye sikio moja huku ukimsimulia rafiki yako kisa kirefu, kisha akuulize habari zilisema nini. Ni mateso, lakini yanafanya kazi. Na kuhusu teleprompta, ile skrini inayokupitishia maandishi ya kusoma mbele ya lenzi, kumbuka anayeiendesha anakufuata wewe. Ukikimbia, atakimbia. Soma maandishi yote kwa sauti kabla, na sentensi isiyokaa mdomoni mwako omba ibadilishwe.

Ugonjwa wetu mkubwa tukiwa na mgeni ni kumnyang'anya kicheko chake. Mtu anasimulia, sisi tunaona mzaha unakuja kwa mbali kama basi, tunauwahi kituoni kabla yake. Mtayarishaji mmoja alinipa karatasi baada ya kipindi, pande mbili: muda niliozungumza mimi, muda aliozungumza mgeni. Sitataja matokeo. Niliyoyapata kwenye karatasi ile hayakuwa kwenye mafunzo yoyote niliyolipia.

Kabla hujauliza mshahara, uliza wingi wa kazi. Mchekeshaji Lilly Singh, aliyeanza YouTube mwaka 2010, alipewa kipindi cha usiku na kituo cha Marekani cha NBC mwaka 2019, na vipindi 97 vya msimu wa kwanza vilirekodiwa ndani ya takriban miezi mitatu. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, halafu fikiria wewe unayetengeneza video tatu kwa wiki ukiwa umechoka. Kipindi kiliisha mwaka 2021. Uliza: kwa siku tunarekodi vingapi? Waandishi wako wangapi? Muda wa mazoezi uko wapi kwenye ratiba?

Na mkataba. Hapa nitaongea kwa uchungu kidogo. Nilikuwa na mhusika mmoja, kikongwe mbishi, aliyenilea kisanaa kabla televisheni haijanijua. Kituo kimoja kikampenda, nikampeleka kwenye kipindi chao, nikasaini bila kusoma ukurasa wa haki. Kipindi kilipofutwa, mimi nilitoka, kikongwe akabaki. Mpaka leo siwezi kumvaa hata kwenye sherehe ya ndugu inayorekodiwa. Wewe fanya hivi: orodhesha wahusika wako wote na tarehe uliyomrusha kila mmoja kwa mara ya kwanza, na mwanasheria aiambatishe orodha hiyo kwenye mkataba ikisema hao ni wako. Angalia pia kama unaruhusiwa kuendelea na video zako, na kama wadhamini wako hawagongani na wa kituo.

Mengine ni madogo. Usivae nguo ya mistari myembamba, hutetemeka kwenye picha. Usirekodi klipu za seti bila ruhusa. Na jifunze jina la mtu wa sauti mapema, kwa sababu maikrofoni uliyobandikwa kifuani utakwenda nayo hadi chooni, naye anasikia.

Onyesho lile la siku ya kwanza lilirushwa miezi minne baadaye. Nililitazama nikiwa nimejifunika mto nusu uso. Mhariri alikuwa amechukua ile mara ya kwanza, ya kabla sijaongeza mikono. Nikatoa mzaha wangu, na badala ya kukata akaacha uso wa mwenzangu, bibi mmoja mwigizaji wa siku nyingi, akinitazama bila kusema neno. Sekunde mbili nzima. Nyumba yote ilicheka hapo, kwenye zile sekunde ambazo mimi ningezikata.