GRE na maombi ya kusomea takwimu Marekani: yaliyonipata mimi

Mdogo wetu wa Chuo Kikuu cha Maseno anauliza: amepata 161 sehemu ya hesabu kwenye GRE (mtihani wa kuombea uzamili na uzamifu), anataka uzamili wa takwimu Marekani, je, arudie? Mimi nilirudia, acha niseme.

Alama za sehemu ile huanzia 130 hadi 170, na hesabu zake ni za sekondari, kalkulasi haimo. Kwa hivyo wanaoomba takwimu wamesongamana huko juu. Ukiwa chini unatiliwa shaka. Ukiwa juu, umefanana na wenzako tu.

Mara ya kwanza niliufanyia chumbani Manyatta, kwa laptopu ya kuazima. Ukiufanyia nyumbani huruhusiwi karatasi za kawaida, unakokotoa kwenye kibao cheupe cha kufuta. Nilikuwa sijawahi kukigusa. Nikawa nafuta kazi ambayo bado naihitaji. 160. Nikalipa dola 220 nyingine (za kuchangiwa, msiniulize zaidi), nikapata 167.

Chuo kilichonichukua kilisema alama hizo ni za hiari. Nilizituma hata hivyo. Kwenye mahojiano hakuna aliyezitaja. Profesa aliniuliza kuhusu C yangu ya mwaka wa tatu, lile somo la epsiloni na delta (la kuthibitisha misingi ya kalkulasi): je, nililirudia mwenyewe baadaye? Tulikaa hapo nusu saa, akinitaka nithibitishe hili na lile.

Sisemi GRE ni bure. Mtu wa huko hajui B ya Maseno ina uzito gani, lakini 167 anaijua. Hapo inatubeba kidogo.

Basi fungua ukurasa wa kila idara. Tangu korona nyingi zimeufuta mtihani huu au kuufanya wa hiari. Wakisema lazima, rudia, na uanze na kibao. Ikiwa hiari, 161 usiitume. Hizo dola 220 zilipie ada za maombi. Ule mtihani mwingine wa GRE, wa somo la hisabati pekee, maswali 66 kwa saa mbili na dakika 50, waachie wanaoomba uzamifu kwenye idara zinazoutaka.

Barua za wahadhiri za kukupendekeza ziombe sasa, kabla hawajagoma. Mmoja wangu nilimfuata hadi shambani kwake Luanda, Vihiga, Jumamosi. Alikuwa amekwisha kuiandika, ila hakuwa na bando. Tuliituma kwa simu yangu, tumesimama kwenye mahindi, siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho.