Muulize Fundi wa Barabara: Tupanue Njia ya Mlimani?

SWALI: Shikamoo mzee. Kijiji chetu kiko juu mlimani. Barabara ya udongo inayotushusha hadi barabara kuu ina kilomita 9, na upana wake ni wa gari moja. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, lori moja likikwama wote tumefungiwa. Juzi tulimshusha mama mjamzito kwa machela, usiku, njia nzima. Tumechangishana fedha, na kamati inataka kukodi greda na kijiko tupanue kutoka mita 4 hadi 6 ili magari yapishane. Mimi ni katibu, saini yangu ndiyo inayosubiriwa. Nisaini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisaini kwanza. Na huyo mama mpe pole yangu. Habari yake ndiyo iliyonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine.

Nimetafuta katika barua yako mahali uliposema mnakwama kwa sababu njia ni nyembamba, sikupaona. Umesema mnakwama mvua ikinyesha. Basi shida yenu ni maji, na upana hauondoi maji. Unayaongeza, kwa sababu njia pana inakusanya mvua nyingi zaidi na kuimwaga kwenye mtaro uleule.

Chukua karatasi uchore mlima wenu. Tuseme ubavu wake umeinama nyuzi 45. Ukichonga humo njia ya mita 4, ukuta wa udongo upande wa juu unafika mita 4, na kila mita moja ya urefu inatoa udongo wa mita za ujazo 8. Ukichonga mita 6, ukuta unafika mita 6 na udongo unakuwa mita za ujazo 18. Upana umeongezeka kwa nusu tu, kifusi kimezidi mara mbili. Waulize wenye kijiko watakimwaga wapi. Watakwambia "huko chini".

Huko chini napajua. Nikiwa msimamizi kijana niliambiwa nipanue njia ya namna hiyo, na nikapanua, kwa bidii kabisa. Kifusi tulikisukumia bondeni. Mvua za kwanza zilipokuja, kile kifusi kililowa, kikateleza chote kwa pamoja na kufukia chemchemi ambayo watu wa chini walikuwa wakichota maji. Upande wa juu nao ukuta uliporomoka, na barabara ikafungwa kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini wanawake wale waliosimama na ndoo zao wakiniangalia bado nawaona.

Sasa maji. Mskoti John Loudon McAdam, mwanzoni mwa karne ya 19, alifundisha jambo ambalo sijaona likikosewa: mzigo wa gari unabebwa na udongo wa asili ulio chini, na udongo huo ukibaki mkavu unabeba uzito wowote. Kazi ya barabara ni kuukinga usilowe. Kwa hiyo subiri mvua inyeshe, vaa makoti, upite na kamati nzima kwa miguu kilomita zote 9. Tazameni maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Mtajifunza mengi kuliko nitakayoandika hapa.

Nina hakika mtakuta mgongo wa barabara umelala. Njia ya udongo yenye mita 4 inatakiwa katikati iwe juu kuliko kingo kwa sentimeta 10 hivi au kuzidi kidogo. Funga kamba toka ukingo hadi ukingo upime. Hapo ndipo greda yenu ifanye kazi, ikifuatwa na rola. Mtaro wa upande wa mlima usiachwe ukimbie mbali bila kutolewa maji, kwa sababu maji yakiongeza kasi mara mbili, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma unapanda mara 64. Yavusheni upesi kwa kalvati, yaani bomba linalopita chini ya barabara, na mlima ukizidi ukali kalvati zisogeleane. Wekeni za kipenyo cha sentimeta 60, si pungufu. Iliyo ndogo haiingiliki kwa beleshi, na kalvati isiyozibuliwa haina faida. Pale maji yanapotokea upande wa chini, pangeni mawe na mpande nyasi.

Kuhusu kupishana, tafuteni mahali ambapo mlima wenyewe umetulia, mchonge vituo vya kupishania, kila kimoja kionekane kutoka kingine. Urefu utoshe lori. Inatosha.

Halafu kuna jambo ambalo wenye malori hawatalipenda: wekeni kizuizi cha mvua, yaani geti la kuzuia malori barabara ikiwa imelowa. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito unaobebwa na ekseli moja (mhimili wa magurudumu) ukizidi mara mbili, uharibifu unazidi karibu mara 16. Zile zilikuwa barabara za lami na zege. Udongo uliolowa unaumia upesi zaidi. Lori moja lenye haraka linaweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Msione aibu kufunga. Hata kipimo cha Benki ya Dunia cha watu wanaofikiwa na barabara, kinachohesabu wanaoishi ndani ya kilomita 2 za barabara inayopitika mwaka mzima, kinakubali njia ikatike kwa muda mfupi mvua kubwa inaponyesha. Ila gari la mgonjwa lipite saa yoyote, na mwenye ufunguo alale jirani na kizuizi. Nimeona kizuizi kizuri ambacho mlinzi wake aliishi ng'ambo ya mto.

Ukishayaandika hayo kwenye muhtasari wa kikao, saini.

SWALI: Mimi ni dereva. Tukikutana mimi napanda na mwenzangu anashuka, hakuna nafasi, nani ampishe mwingine?

JIBU: Anayeshuka ndiye anayesogea pembeni. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema hivyo, isipokuwa kama mbele ya anayepanda kuna kituo cha kupishania na bila kukitumia mmoja wenu angelazimika kurudi nyuma. Hapo anayepanda akitumie. Sababu yake unaijua mguuni mwako: gari lenye mzigo likisimama katikati ya mlima kwenye tope, kuondoka tena ni kuteleza. Na wewe siku ukishuka, weka gia ileile ambayo ungepandia, usikae juu ya breki mpaka zinuke. Kabla ya kona isiyoonekana piga honi, kisha zima redio usikilize kama umejibiwa.