Anayeanza chuma, siku tatu kwa wiki zinatosha

Kaka, unasema ndiyo unaanza kunyanyua chuma na rafiki yako amekupangia siku sita kwa wiki; hizo ni nyingi mno. Miezi ya mwanzo piga siku tatu, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila siku fanya mwili mzima: skwati (kuchuchumaa na kuinuka), kusukuma (chuma ukiwa umelala kwenye benchi, au hata pushapu), kuvuta, na kunyanyua chuma kutoka chini. Seti mbili au tatu, kila moja mara 8 hadi 12, basi. Hiyo ya "leo kifua, kesho mikono" waachie waliokwisha kuzoea.

Sababu ni kwamba wiki za mwanzo nguvu huongezeka zaidi kwa kuwa mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli, si kwa kuwa misuli imejaa. Kwa hiyo unachohitaji ni kurudia mazoezi yale yale, na kupumzika katikati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 wenyewe unataka mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, hivyo ukikosa moja hujaharibu kitu.

Uzito chagua ule ambao ukimaliza seti bado ungeweza kuunyanyua mara mbili nyingine. Usishindane na wa benchi la pili.

Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Ila mkojo ukiwa wa kahawia kama kola, wahi hospitali siku hiyo hiyo, figo ziko hatarini. Mwenye presha amwone daktari kwanza.