Fremu tupu, ukuta unaobanduka na rangi ya kuzuia maji

SWALI: Nina fremu mbili za chini kwenye jengo la ghorofa katikati ya mji. Huu ni mwezi wa 14 hazina mpangaji. Ndani zinanuka, na rangi inabanduka kuanzia chini. Fundi anasema tuzibe matundu ya hewa vumbi lisiingie, kisha tupake rangi ya kuzuia maji. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, na usimpe hata kianzio.

Harufu ni jambo dogo. Chini ya sinki na tundu la sakafuni kuna kona ya bomba inayokaa na maji, kina cha sentimita 5 hivi, yanayozuia gesi ya maji taka. Pasipo mtumiaji hukauka ndani ya wiki chache. Mimina lita 2 kila tundu, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia yachelewe kukauka.

Ukuta ndio wenye kesi. Bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa utepe, iache siku 2. Matone yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa iliyofungiwa humo. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani, na kwa maelezo yako nabashiri ndiyo hayo, hasa ukiona unga mweupe wa chumvi.

Sasa paka hiyo rangi uone. Maji hayaachi kuja kwa sababu umeyafungia mlango. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inaisukuma rangi hadi idondoke pamoja na lipu. Wanaoiuza wanalijua hilo. Wewe tafuta chanzo: gata lililoziba, bomba la mvua linalomwaga kwenye msingi, au njia ya miguu iliyoinuliwa ikapita usawa wa sakafu yako. Ukishatengeneza, bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, uache ukuta ukauke. Kadiria mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa inchi 9 ni miezi 9 hivi. Halafu piga lipu ya chokaa, si ya saruji tupu. Chokaa hupitisha mvuke.

Matundu ya hewa yaache wazi, yawekee wavu tu. Eti jengo tupu limepumzika! Penye mpangaji mlango hufunguliwa kila siku, bomba hutumika, na tone likianza kudondoka kuna wa kulalamika. Penye kufuli hakuna. Mitaa ya maduka hufa hivyo, fremu moja ikimwambukiza jirani unyevu kupitia ukuta wa pamoja, huku wenye nyumba wakisubiri kodi ya zamani irudi. Piga hesabu: punguzo la 20% kwa mwaka mzima ni sawa na kukaa tupu miezi 2 na nusu hivi. Wewe umekaa 14.

Na leo hii toa mkataba wako wa bima uusome. Bima nyingi za majengo hupunguza au kuondoa fidia jengo likikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60.